Mashine ya Geneva si ya Freemason, ni ndugu wa TV ya chogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha, aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba ile mashine kubwa iliyofukiwa ardhini mpakani mwa Uswisi na Ufaransa ni mradi wa Freemason, kwamba wanatafuta lango la kuzimu, na kwamba ushahidi upo wazi: sanamu ya mungu wa Kihindi imesimamishwa uani kwao. Barua ile ilisomwa kwa sauti kijiweni kwetu hapa Mbuyuni. Kwa kuwa mimi ndiye pekee pale niliyewahi kufika huko, wote walinigeuzia shingo kama mtuhumiwa. Nilijieleza mpaka kahawa ikapoa. Naona bora nijieleze na kwa kalamu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni fundi redio na TV hapa Moshi tangu 1986. Sina digrii. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja Mgoa, aliyekuwa akinipiga vidole kwa bisibisi kila nilipoacha lehemu yenye mabonde. Nilianza na redio. TV zikaja kwa wingi baada ya 1994, vituo vya Tanzania Bara vilipoanza kurusha matangazo, na kwa miaka karibu 20 nilikula na kusomesha watoto kwa chogo, zile TV nene za zamani zenye mgongo nyuma. Mwaka 2013 analojia ikazimwa, flati zikashuka bei, na siku hizi nauza rimoti na kubadilisha taa za nyuma ya kioo. Chogo wanazileta kwangu watu wanaotaka kuzitupa na wanaona aibu kuzitupa wenyewe.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee mjini Geneva. Septemba 2024 alinikatia tiketi nikamwone. Siku ya tatu akaniuliza, "Baba, nikupeleke ziwani au mlimani?" Nikamwambia mlima tunao, na ziwa nimeliona dirishani. Ndipo akasema kuna mahali wanakimbiza chembe ndogo kuliko atomu, na kwamba alishaniombea nafasi ya kutembezwa. Tukapanda tramu namba 18. Kituo chake cha mwisho kimeandikwa CERN, jina la shirika lenye ile mashine, herufi nne tu, kama vile umeandikiwa Himo au Majengo. Pale mapokezi waliangalia pasipoti, wakatupa kadi za kuvaa shingoni, basi. Hakuna kiingilio wala kiapo. Barabara za ndani zimepewa majina ya wanafizikia: Einstein, Marie Curie, Rutherford. Mwaka ule walikuwa wanatimiza miaka 70 tangu shirika lianzishwe 1954, na mabango ya sherehe yalikuwa kila kona.

Sanamu nimeiona. Ni Shiva anacheza ngoma ndani ya duara la moto, na imetolewa zawadi na serikali ya India mwaka 2004, kwa sababu wataalamu wa India wameshirikiana na maabara hiyo kwa miaka mingi. Imesimama kati ya majengo ya ofisi, watu wanapita na vikombe vyao vya kahawa bila hata kuitazama. Na ile video ya usiku inayozunguka kwenye simu, watu wamevaa majoho wanajifanya kumchoma mtu kisu mbele ya sanamu, ilirekodiwa 2016. Ulikuwa mzaha wa watu waliokuwa na kadi za kuingilia, na shirika lenyewe lilikasirika likafungua uchunguzi. Mzaha wa kijinga, nakubali. Lakini hata gereji ina vijana wa mizaha ya kijinga, na hatusemi gereji ni lango la kuzimu.

Hayo yatoshe. Kilichonifanya nishike kalamu ni kingine kabisa.

Aliyetutembeza alikuwa fundi wa Kireno, mtu wa makamo, kazi yake pampu za kunyonya hewa. Alianza kutueleza kwa lugha ya watalii: tunachukua protoni, chembe za ndani ya kiini cha atomu, tunaziharakisha, tunazigonganisha. Nikamwuliza kupitia binti yangu, "Mnazipinda na nini?" Akasema, kwa sumaku. "Mnazisukuma na nini?" Kwa mawimbi ya redio. "Na bomba mmenyonya hewa?" Akanitazama vizuri. "Wewe ni injinia?" Nikamwambia hapana, mimi fundi TV, na hii unayonieleza ni chogo.

Alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema ni kweli kabisa.

Msomaji ambaye hajawahi kuona ndani ya chogo nimweleze kidogo. Nyuma ya kile kioo kuna bomba zima la kioo lililonyonywa hewa yote. Shingoni mwake kuna kifilamenti kinachowaka rangi ya chungwa. Ukizima taa za chumba utakiona kwa nyuma kama kaa la sigara. Kinapasha moto kipande cha chuma, na elektroni zinachomoka. Kile kidude chenye waya mnene mwekundu, tunachokiita flaibeki, kinatoa volti kama 25,000 kwa TV ya rangi, na elektroni zinavutwa mbele kwa mwendo unaokaribia theluthi moja ya mwendo wa mwanga. Koili zilizovishwa shingoni zinazipinda kushoto na kulia, juu na chini, zinachora mistari 625, picha 25 kila sekunde. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku yote, miaka yote ile, ilichorwa na chembe zilizokimbizwa, zikapindwa kwa sumaku, zikagonga kioo. Kila nyumba yenye chogo ilikuwa na mashine ya kukimbiza chembe sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Ya Geneva tofauti yake ni ukubwa, na ukaidi wa wale watu. Wanaanza na haidrojeni kutoka kwenye mtungi wa kawaida. Inaingia kwenye mashine iliyonyooka ya mita 86, halafu kwenye duara dogo, halafu duara la mita 628, halafu la kilomita 7, na mwisho lile kubwa la kilomita 27 linaloitwa LHC, kama mita 100 chini ya mashamba na vijiji. Kilomita 27 ni kama kutoka hapa Moshi mjini mpaka Himo hivi. Protoni inaizunguka njia hiyo mara 11,245 kwa sekunde moja. Badala ya volti zangu 25,000, kila protoni inafikishwa kwenye elektronivolti trilioni 6.8, yaani kama imesukumwa na volti trilioni 6.8.

Hakuna flaibeki ya kutoa trilioni, kwa hiyo hawazisukumi mara moja. Wameweka vyumba vya chuma, vinane kwa kila upande, vyenye mawimbi ya megahezi 400, na kila protoni zikipita zinapewa msukumo kidogo, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea: kila akirudi, unampa tena. Megahezi 400! Mafundi wenzangu wataelewa kwa nini nilisimama. Hiyo ni jirani kabisa na UHF ya TV, masafa tuliyokuwa tunayasaka juu ya paa na antena ya sufuria.

Shimoni hatukushuka, mashine ilikuwa inafanya kazi na hakuna anayeruhusiwa kukaa huko ikiwa inawaka. Lakini walitupeleka kwenye ukumbi wa kupimia sumaku. Zimelala pale, za buluu, kila moja mita 15, tani 35. Ziko 1,232 za namna hiyo kwenye duara. Moja ilikuwa imekatwa kama mkate ili watu waone ndani: tundu mbili kando kwa kando, mkono wa mtoto unapita, moja ya protoni zinazokwenda na moja ya zinazorudi. Waya wake ni wa niobiamu na titani, na ukipoozwa kwa heli mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri unapitisha ampea zaidi ya 11,000 bila kupata moto hata kidogo. Kibo iko juu yetu hapa na tunajisifu kwa barafu yake, lakini ukilinganisha na hapo barafu ya Kibo ni uji wa moto.

Chogo ukiizima, Ndugu Mhariri, bomba linabaki na umeme wake. Nimewahi kurushwa mpaka ukutani na TV iliyochomolewa tangu jana yake. Ndiyo maana kila fundi ana bisibisi yenye waya uliofungwa kwenye chasisi, ya kumwaga ule umeme kabla hajaingiza mkono. Kwa hiyo nikauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: mkitaka kuzima, ule moto wote mnaumwaga wapi? Mreno akafurahi sana. Akasema nguvu inayobebwa na ule msafara wa protoni ni kama ya treni ya tani 400 inayokwenda kilomita 150 kwa saa, na mambo yakiharibika wanaitoa yote njiani ndani ya mzunguko mmoja, chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, inakwenda kugonga gogo la grafaiti. Grafaiti, ile iliyomo kwenye penseli ya mtoto wako. Bisibisi yao ni hiyo.

Sasa nifike kwenye lehemu, ambako nilikaa muda mrefu kuliko binti yangu alivyopenda.

Mashine iliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 2008, dunia nzima inatazama, na wengine wanatabiri kiama. Siku tisa baadaye ikalipuka kweli, lakini si kiama. Kiungo kimoja cha waya kati ya sumaku mbili hakikulehemiwa vizuri. Kilipopitishiwa umeme mkubwa kikapata moto, cheche ikatoboa chombo cha heli, tani kadhaa za heli zikafumuka, na sumaku za tani 35 zikang'olewa kwenye nanga zake. Sumaku 53 zilitolewa nje kutengenezwa au kubadilishwa. Zaidi ya mwaka mzima mashine ilikaa kimya, mpaka Novemba 2009. Baadaye wakasimama tena miaka miwili, wakapitia viungo zaidi ya 10,000, kimoja kimoja.

Nilimsikia yule mzee Mgoa na bisibisi yake. Mashine ya akili za dunia nzima, imeangushwa na lehemu mbovu! Nikamwuliza Mreno wanalehemu na nini. Bati na fedha, akasema, bila madini ya risasi. Akanionyesha kipande cha kiungo kilichokatwa, nikakigeuza kwenye mwanga kutafuta mabonde. Hayakuwepo. Akaniambia kwamba maprofesa wanajulikana kwa majina, wale waliokuwa wamelala chali kwenye baridi ya handaki wakikagua viungo hawajulikani, na kwamba bila wao chembe ya Higgs, ile inayohusika na chembe nyingine kuwa na uzito, isingetangazwa tarehe 4 Julai 2012. Mwanafizikia Higgs mwenyewe alikuwa ameiwaza tangu 1964, akasubiri miaka 48. Mwaka uliofuata yeye na mwanafizikia mwenzake Englert wakapewa Nobeli.

Vituko vingine navipitia haraka. Aprili 2016 mnyama mdogo jamii ya kicheche alipanda kwenye transfoma ya volti 66,000 akazima mashine nzima, na akafa. Mwezi Juni mwaka huohuo tumbili wa kituo cha umeme cha Gitaru aliitia Kenya yote gizani, kwa hiyo wanyama hawabagui. Na zamani, kwenye handaki hilohilo kabla ya LHC, kulikuwa na mashine iliyokimbiza elektroni kuanzia 1989 hadi 2000. Vipimo vyao vikawa vinayumba mchana na kutulia usiku wa manane, hawajui kwa nini. Ikaja kugundulika ni treni ya mwendokasi ya Ufaransa: umeme wake ulikuwa unavuja kwenye reli, unapita ardhini, unatembea kwenye bomba la mashine. Ethi! Miaka yote nimewaambia wateja redio inanguruma kwa sababu ya ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, wananiona natafuta hela.

Msomaji mwenzangu aliuliza pia faida ni nini kwa Mwafrika. Barua yake aliituma kwa intaneti, nadhani. Zile kurasa za mtandao tunazofungua zilibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa mfanyakazi wa palepale, na Aprili 1993 shirika likaziachia dunia bure. Lakini mimi nina jibu la karibu zaidi. Mwaka 2019 dada yangu alipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Nilikaa naye wiki tano, asubuhi tunapanga foleni, jioni tunakula chapati kwa shemeji Kinondoni. Kijana aliyekuwa akiiendesha ile mashine aliniambia inakimbiza elektroni kwa mamilioni ya volti, zinagonga chuma, zinatoa miale. Nilitikisa kichwa kwa adabu, nikawaza mambo ya nauli. Miaka mitano baadaye, nimesimama mbele ya sumaku iliyokatwa huko Geneva, ndipo nikaelewa alichoniambia. Dada yangu alitibiwa na chogo. Chogo yenye nguvu zaidi, iliyopimwa na kuelekezwa, lakini bomba ni lilelile. Yupo, analima mahindi Rau.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni kitu cha zamani. Lile duara la mita 628 lilianza kazi 1959. Kabla Tanganyika haijapata uhuru! Hawakulitupa. Kila protoni inayoingia LHC leo lazima ipitie humo kwanza. Na mashine yao ya kwanza kabisa, ya 1957, iliyostaafishwa 1990 baada ya miaka 33, wameiachia chumba chake, wanaiangazia taa, watoto wa shule wanaketi mbele yake kusikiliza ilivyofanya kazi. Nilikuta darasa zima pale.

Niliporudi Moshi nikachagua chogo moja ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, nikaikata kasha kwa nyuma, nikaweka kioo cha plastiki ngumu ili mtu aone filamenti na koili bila kuingiza kidole, nikaipeleka sekondari moja ya kata. Jina lake silitaji. Ina maabara ya fizikia. Naijua kwa sababu wakati wa kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari nilichangishwa kama wazazi wengine, na mifuko miwili ya saruji ya ukuta ule ni yangu. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Dirishani niliona madawati mabovu na magunia. Mwalimu wa fizikia, kijana mzuri tu, alinipokea vizuri, akasema haya mambo wanafunzi wanachora kwenye daftari, na vitendo wanafanya mtihani ukikaribia. Niliiacha ofisini. Nilipopita baada ya miezi minne, chogo yangu ipo kwenye chumba cha walimu, imegeuziwa ukuta, na juu yake limewekwa birika la chai.

Sikukasirika kwa ajili ya TV. Niliwaza mtoto mmoja ashike sumaku ya spika, aisogeze kwenye kioo, aone picha inavyopindwa mbele ya macho yake. Hapo hahitaji kuambiwa Geneva wanafanya nini, amekwisha kuona. Mtoto wa namna hiyo tumewahi kuwa naye: Erasto Mpemba, kidato cha tatu sekondari ya Magamba, 1963, alitia maziwa ya moto kwenye friji akayaona yameganda kabla ya yaliyopoa. Darasani wakamcheka. Andiko lake na mwanafizikia Dk. Osborne lilipochapishwa 1969 alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori hapo Mweka, juu ya vichwa vyetu, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya maziwa yake. Friji ile haikuwa na kufuli.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu wa Arusha, karibu Mbuyuni, nitakufungulia chogo uikague kama ina Freemason ndani. Na kwa walimu wa fizikia wa Moshi mjini, Kibosho, Old Moshi mpaka Himo: dukani kwangu zimebaki chogo nne zinazowaka. Jumamosi yoyote nitakuja na moja, nauli yangu, sumaku zangu. Nahitaji soketi moja yenye ethi, wanafunzi wakae hatua mbili nyuma nikiwa na flaibeki wazi, na mtu mwenye ufunguo awepo. Birika la chai tafadhalini litafutiwe meza.

Fundi TV,
Mbuyuni, Moshi